Kamba ya Kiatu cha Barafu na Kidole Kinachoikaza

Vidole vinavyouma kwa kufunga viatu vya barafu huumia karibu kila mara mahali pamoja: kwenye mkunjo wa kidole cha shahada, pale kamba inapolala mtu anapoivuta. Kwanza hutokea mfuo uliopauka, kwa kuwa damu imesukumwa kando. Kamba ikiachiwa, damu hurudi na mfuo hugeuka mwekundu, au huiva weusi uliokolea kwa mwenye ngozi nyeusi, na hapo ndipo maumivu yanapoanza kusikika. Kidole cha mwisho nacho hupata lake, kwa sababu wengi huizungusha kamba kiganjani ili isichomoke, na mzunguko wa mwisho hukamata hapo. Mambo hayo yakirudiwa kila siku kwa wiki mbili tatu, ngozi ya mkunjoni hupasuka. Mpasuko wa hapo ni mgumu kupona kuliko wa sehemu nyingine ya mkono: kila kidole kinapokunjwa kushika kikombe au kufunga kifungo cha shati, jeraha hufunguka upya.

Kiatu chenyewe si kama viatu vingine. Ni buti gumu linalopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, na chini ya soli yake pamekazwa ubapa wa chuma wenye unene wa milimita tatu au nne hivi. Mtu mzima wa kilo 70 husimama juu ya chuma hicho chembamba, na kinachozuia kifundo kisipinde upande ni ugumu wa buti likiwa limebanwa na kamba. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya katikati ya karne ya 19, ubapa ulifungwa kwa mikanda chini ya kiatu cha kawaida, nao ulilegea na kuhamahama mtu akiwa katikati ya mwendo. Mmarekani Jackson Haines, aliyeingiza dansi na muziki katika mchezo wa kuteleza, anakumbukwa pia kama mmoja wa waliotangulia kuukaza ubapa moja kwa moja kwenye soli ya buti. Chuma kikaacha kuhama. Kazi ya kuushika mguu ikabaki kwa kamba, na mzigo wa kamba ukaangukia vidole.

Wanaoumia zaidi si wanaoteleza wenyewe. Ni wale wanaowafungia wengine. Kanada, ambako watoto huanza hoki ya barafu wakiwa bado wa umri wa chekechea, mtoto hawezi kuikaza kamba yake mwenyewe mpaka afikie miaka minane, tisa au zaidi. Mzazi ndiye hupiga magoti. Buti dogo likiwa na jozi 8 za matundu, mzazi wa watoto watatu ana mabuti 6, yaani mapishano 48 ya kamba, na kila pishano huvutwa kwa mikono miwili. Kazi hiyo hufanywa asubuhi na mapema, chumba kina baridi, na muda umebana. Familia zilizohamia Ottawa, Toronto au Edmonton kutoka Afrika Mashariki na Kongo zimejikuta katika kazi hii bila mkubwa wa kuwaonyesha njia. Mtoto hupelekwa barafuni na shule, akaupenda mchezo. Mama aliyekulia Bukavu au baba aliyekulia Morogoro hukabidhiwa buti gumu na kamba yenye urefu wa mita 2 na zaidi, na kosa la kwanza analofanya ni kudhani kwamba dawa ni nguvu.

Baridi huongeza ubaya. Barafu ya uwanjani hutunzwa ikiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na hewa ya pembeni yake, ingawa si kali kama barafu yenyewe, ni baridi na kavu. Mwili ukipoa huibana mishipa midogo ya damu kwenye vidole ili joto libaki kifuani na tumboni. Ngozi isiyopata damu ya kutosha hukakamaa na kupoteza ulaini wake, kwa hiyo hupasuka kwa mvuto ambao kwenye joto ungeiacha salama. Kisha kuna ganzi. Kidole kilichopoa hakitoi taarifa. Mtu huvuta, huvuta tena, haoni neno, na akirudi ndani ya gari lenye joto ndipo kidole kinapoanza kuwaka moto. Wapo pia wenye tatizo lililoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, ambalo vidole hupauka ghafla kwa baridi, vikageuka rangi ya samawati, kisha vikawa vyekundu damu inaporudi. Mwenye hali hiyo asifunge kamba kwa mikono mitupu hata mara moja. Kwake glavu ni lazima tangu anapoingia mlangoni.

Hata hivyo baridi haiwezi kubebeshwa lawama yote. Sehemu kubwa ya maumivu ya vidole huanzia mguuni. Buti likiwa kubwa kuliko mguu, mtu huhisi kisigino kinapanda na kushuka, na njia pekee anayoiona ni kuikaza kamba zaidi. Anakaza, kisigino bado kinapanda. Anakaza tena. Pengo lililo ndani ya buti haliwezi kuzibwa na kamba. Kamba hukunja ngozi ya juu ya buti tu na kuuminya mgongo wa mguu, huku kisigino kikiendelea kucheza. Wazazi wengi hununua buti kubwa makusudi ili mtoto alitumie misimu miwili, na nia yao ni njema, maana vifaa hivi ni ghali. Lakini buti hilo hulipiwa mara ya pili kwa vidole vya mzazi na kwa kifundo cha mtoto. Buti la hoki huwa dogo kwa namba moja au moja na nusu kuliko kiatu cha mtaani cha mtu huyohuyo, jambo linalowashangaza wanaonunua kwa mara ya kwanza. Mguu ukiwa umefika mbele, ncha za vidole vya mguu zigusegusane na buti. Goti likikunjwa na kisigino kikarudi nyuma, vidole vijitenge kidogo na ukuta wa mbele.

Soksi nazo zina hesabu yake. Soksi mbili nene huonekana kama ulinzi dhidi ya baridi, ila sufu na pamba nene hubonyea. Kamba iliyokazwa saa mbili asubuhi huwa imelegea saa mbili na nusu, na vidole hulazimika kuirudia kazi yote upya. Soksi moja nyembamba, inayopanda juu kuliko ukingo wa buti, huufanya ufungaji uwe wa mara moja.

Baada ya buti kuwa la kipimo, linalofuata ni kujua wapi pa kukaza. Wengi hukaza kila mahali sawasawa, kuanzia vidole vya mguu mpaka muundini. Nusu ya nguvu hiyo hupotea bure, na nyingine hudhuru. Sehemu ya mbele, matundu mawili au matatu ya kwanza, inataka kamba iliyonyooshwa tu isiwe na ulegevu. Vidole vya mguu viweze kuchezeshwa, maana vikibanwa damu haifiki na mtoto hulia kwa baridi kabla ya robo saa kwisha. Sehemu ya kati, pale mguu unapopinda kuwa kifundo, ndiyo inayotaka nguvu ya kweli. Hapo ndipo kamba inapokivuta kisigino kirudi nyuma na kukifungia ndani ya kikombe chake. Juu kabisa, kwenye matundu au kulabu za mwisho, kamba ilegezwe kidogo tena ili goti liweze kukunjwa mbele. Mtu asiyeweza kukunja goti hawezi kuteleza. Husimama wima kama nguzo na kuanguka chali. Anayekaza juu kupita kiasi pia hupata maumivu mbele ya kifundo, ambako kamba na ulimi wa buti hukandamiza mishipa inayoinua unyayo. Kwa hiyo kati ya mapishano 8, ni matatu hivi yanayostahili nguvu zote. Anayelijua hili amekwisha kuviokoa vidole vyake kwa zaidi ya nusu kabla hajagusa chombo chochote.

Utaratibu wa kukaza unaeleweka vizuri kwa aliyewahi kumtazama mtu akiwamba kitanda cha kamba. Mwambaji hasubiri mpaka amalize kusuka ndipo avute ncha ya mwisho. Angefanya hivyo, kamba ingebana upande wake na kuacha upande wa pili umelegea kama machela. Huanza penye mwanzo, huvuta mzunguko wa kwanza, ulegevu ukahamia wa pili, huvuta wa pili, ukahamia wa tatu, na hivyo akausukuma ulegevu wote mpaka utokee mwishoni. Buti la barafu hufungwa vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kushika ncha mbili za juu na kuvuta kwa nguvu zote, kwa matumaini kwamba mvuto utashuka mpaka chini. Haushuki.

Sababu yake ni msuguano. Kila mahali kamba inapopinda kupita tundu, ukingo wa tundu hula sehemu ya mvuto. Baharia wa jahazi huitumia kanuni hiyohiyo kwa faida yake: akiizungusha kamba ya tanga mara mbili tatu kwenye kigingi, tanga lililojaa upepo hushikwa na mkono mmoja. Kwenye kiatu, kilichokuwa msaada kwa baharia huwa kikwazo. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kila tundu linameza sehemu 1 kati ya 10 ya mvuto unaolifikia, baada ya matundu 8 huwa zimebaki sehemu 43 tu kati ya 100. Mtu anayetaka kilo 5 za mvuto mbele ya buti angelazimika kuvuta zaidi ya kilo 11 juu, na wakati huo sehemu ya juu ingekuwa imebanwa kupita kiasi. Akivuta pishano moja moja kutoka chini, kila mvuto unakuwa mdogo na unafika unakotakiwa. Jumla ya kazi huenda ikawa ileile, lakini ngozi haipasuki kwa jumla ya kazi. Hupasuka kwa mvuto mmoja mkubwa.

Kuna aliyelichunguza jambo la kamba za viatu kwa hisabati. Burkard Polster wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alichapisha mwaka 2002 katika jarida la Nature hesabu ya njia zote za kupitisha kamba kwenye matundu, akitazama ipi hutumia kamba fupi na ipi hubana kwa nguvu zaidi. Kwa nguvu, njia zilizoshinda ni mbili ambazo watu walikuwa wakizitumia tangu zamani bila hesabu: ile ya kupishanisha na ile ya kwenda sambamba. Anayepishanisha kamba za buti lake, basi, ana njia bora tayari mikononi. Hana haja ya kutafuta mtindo mpya. Maarifa yaliyobaki ni ya mikono na ya chombo.

Mkono ukitazamwa kwa karibu, kosa linaonekana. Kidole cha shahada huingizwa chini ya pishano la kamba, hukunjwa kama ndoano, kisha huvuta kwenda juu. Kamba bapa yenye upana wa milimita 5 inalala juu ya kidole chenye upana wa milimita 15, kwa hiyo mvuto wote unabebwa na eneo la milimita za mraba 75, dogo kuliko ukucha wa gumba. Vidole vinne vikishirikiana, kamba ikalala kukatiza yote, upana hufika milimita 60 na eneo huwa milimita za mraba 300, yaani mara 4. Mkono ukishika mpini wenye upana wa sentimita 2, eneo hupanda hadi milimita za mraba 1,200, mara 16 ya kidole kimoja. Mvuto ni uleule. Ngozi huhisi sehemu ndogo tu ya ukali wake.

Hiyo ndiyo faida ya ndoano ya kukazia kamba, chombo kinachouzwa kwa bei ndogo kwenye karibu kila duka la vifaa vya barafu. Ni ufito wa chuma uliopindwa ncha, wenye mpini wa mbao au plastiki, na mwingine hukunjika kama kisu cha mfukoni. Ncha hupitishwa chini ya pishano, mpini hushikwa kwa ngumi nzima, na mvuto hutoka begani na mgongoni. Ndoano nzuri ina ncha ya mviringo iliyosuguliwa laini. Yenye ukingo mkali hukata nyuzi za kamba ndani ya wiki chache. Isivutwe kuelekea usoni, kwa kuwa kamba kuukuu ikikatika chuma huruka. Mwelekeo sahihi ni wa pembeni na juu kidogo, kwa kufuata njia ambayo kamba yenyewe inakwenda. Kwa mzazi mwenye mabuti 6 ya kufunga, hakuna kitu cha thamani ndogo kinacholeta nafuu kubwa kama hiki, na inasikitisha kuona wengi wakimaliza msimu mzima bila kuambiwa kwamba kipo.

Asiyekuwa na ndoano ana glavu. Glavu za waendesha baiskeli, zilizokatwa vidole na kuwa na kiganja cha ngozi, husaidia kiganja lakini huacha wazi mkunjo unaoumia. Zinazofaa zaidi ni glavu nyembamba za ngozi zenye vidole kamili, kama zile za kazi za bustani au za gofu, kwa kuwa ngozi haitelezi kwenye kamba na vidole bado huweza kuhisi tundu. Glavu za sufu huteleza, na mtu huishia kubana kwa nguvu zaidi. Wengine hufunga plasta ya kitambaa, ile ya wanamichezo, mizunguko miwili kwenye kidole cha shahada na cha mwisho. Plasta iwekwe kidole kikiwa kimekunjwa kidogo; ikifungwa kidole kimenyooka, hubana kinapokunjwa na kuzuia damu. Mafuta hayafai wakati wa kufunga, kwa sababu huifanya kamba iteleze na mkono uongeze nguvu. Saa yake ni usiku.

Kamba yenyewe ina mengi ya kusema. Zipo za pamba, za poliesta, za nailoni, na zile zilizopakwa nta ambazo wachezaji wa hoki huzipenda. Nta huifanya kamba ishike mahali ilipokazwa: mzunguko wa tatu ukivutwa, wa pili haulegei. Kwa sababu hiyo mtu havuti mara mbilimbili. Lakini nta ikipoa hukakamaa, na kamba huwa kama waya mnene unaosugua ngozi. Anayechagua kamba ya nta na avae glavu au atumie ndoano. Mwenye mikono mitupu hupata raha zaidi na kamba bapa, pana kidogo, isiyo na nta. Kamba ya nailoni inayovutika haifai kabisa, kwa kuwa nusu ya mvuto huishia kuinyoosha kamba. Iliyochakaa ikatoa manyoya hukwama kwenye matundu na kuongeza msuguano maradufu. Watu hubadilisha buti na kuiacha kamba ileile miaka mitatu, ilhali kamba ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika mchezo huu.

Matundu na kulabu nazo zitazamwe. Bati la tundu likimenyeka hutoa meno madogo, na meno hayo hukata kamba na kuchana vidole kwa pamoja. Kwenye mabuti ya wanaoteleza kwa sanaa, sehemu ya juu ina kulabu badala ya matundu, na ndizo zinazochubua vifundo vya vidole vya mkono kwa nje, mkono unapopita haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kamba ikipitishwa juu ya kulabu na kushuka chini yake, badala ya kutokea chini kwenda juu, hujikaba yenyewe na kuhitaji nguvu ndogo kuishikilia. Kulabu iliyopinda irudishwe kwa koleo kabla haijamjeruhi mtu.

Swali linalobaki ni namna ya kuushikilia mvuto wa kati usiponyoke wakati mikono inakwenda juu. Hapo hutumika fundo la mpasuaji: ncha mbili hupishanishwa mara mbili badala ya moja, kama daktari anavyofunga uzi wa jeraha, kisha huvutwa. Msuguano wa mzunguko wa ziada hukishika kilichokazwa chini, na vidole hupumzika. Wengine hutumia kamba mbili kwa buti moja, fupi ya chini na fupi ya juu, kila moja ikifungwa kwa kadiri yake. Na kuna mabuti yasiyotaka kamba kabisa. Mengi ya kukodisha ni ya plastiki yenye vishikizo vya kubana kwa mkono. Pia kuna mfumo wa kizungushio kidogo kinachovuta waya mwembamba, ulioanzia Colorado, Marekani, kwenye viatu vya kuteleza thelujini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa mwenye ugonjwa wa viungo vya mikono, hayo si anasa.

Mkao wa mwili huamua mengi. Anayejifungia mwenyewe akae ukingoni mwa benchi, agonge kisigino sakafuni mara mbili ili kirudi nyuma kabisa, aache kisigino chini na ncha ya buti juu. Ulimi wa buti uvutwe uwe wima na katikati. Mkao huo peke yake huziba pengo ambalo kamba ingelazimishwa kulivuta. Anayemfungia mtoto hupiga goti moja, huuweka ubapa wa buti juu ya paja lake ukiwa umefunikwa kinga ya plastiki. Mtoto huambiwa asukume kisigino chini, wala si kuuvuta mguu. Mvuto hutoka kwa kuegemea nyuma na uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka. Mtu mfupi anayetumia uzito wake huishinda nguvu ya mtu mnene anayetumia vidole.

Buti jipya lina ugumu wa ziada. Mengi ya kisasa hutengenezwa kwa vitu vinavyolainika kwa joto, na duka huyaweka kwenye tanuri maalumu kwa dakika chache, kisha mteja huyafunga yakiwa ya moto, akakaa nayo mpaka yapoe na kushika umbo la mguu wake. Katika ufungaji huo wa kwanza kamba ivutwe kwa upole, kwa kuwa tundu lililo kwenye ganda laini huweza kung'oka. Tanuri la jikoni lisitumike. Hata bila joto hilo, kuacha mabuti kwenye gari usiku wa baridi ni kujitafutia taabu. Yakikaa ndani ya nyumba hadi asubuhi, hufunguka na kufungika kwa wepesi.

Nje, kwenye mito na mifereji, mambo huwa makali zaidi. Ottawa ina Mfereji wa Rideau, ambao majira ya baridi hugeuka njia ya barafu yenye urefu wa kilomita 7.8, na watu hufunga viatu kwenye mabenchi ya kandokando upepo ukivuma. Mazoea mazuri ya hapo ni kufunga buti la kwanza, kurudisha mikono kwenye glavu nene kwa dakika mbili, ndipo kufunga la pili. Uholanzi, katika mbio za Elfstedentocht zenye urefu wa karibu kilomita 200 kupitia miji 11 ya Friesland, zilizofanyika mara ya mwisho mwaka 1997, washiriki walikutana na sehemu ambazo barafu haikupitika. Hapo walitandikiwa mazulia, nao walitembea juu yake wakiwa na viatu vyao vya barafu miguuni, kisha wakaendelea. Katika mbio za mwaka 1963, zilizofanyika kwenye baridi ya kutisha, ni 69 tu waliomaliza katika kundi la wasioshindana. Katika baridi kama hiyo, kuifungua kamba njiani ni kutafuta vidole visivyoweza kuifunga tena.

Nairobi, tatizo lina sura nyingine. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo ilimokulia timu ya hoki ya Kenya Ice Lions. Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024. Mgeni anayeingia kwenye uwanja kama huo akitoka kwenye joto la barabarani ana mikono laini yenye jasho, na huvaa buti la kukodi lililokwisha kulegezwa na miguu ya mamia ya watu. Jasho hulainisha ngozi ikachubuka upesi, na ulegevu wa buti humshawishi avute mno. Dawa ni kukausha mikono kwanza, kuomba namba ndogo zaidi ikiwa kisigino kinacheza, na kukataa buti ambalo kamba yake imeungwaungwa kwa mafundo; fundo halipiti kwenye tundu, na kidole ndicho hulilazimisha.

Kidole kilichokwisha kuumia kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kikaushwe, kipakwe mafuta ya mgando usiku na kuvikwa kitambaa au glavu ya pamba. Mpasuko ufunikwe mchana, na kidole hicho kipumzishwe. Kamba ivutwe kwa ndoano au na mtu mwingine mpaka ngozi ishikane. Sugu iliyoota mkunjoni ni kinga mpaka inapokuwa nene, kisha kingo zake huanza kukwama na kuraruka, kwa hiyo isuguliwe taratibu kwa jiwe baada ya kuoga. Kidole kikivimba kandokando ya ukucha, kikawa cha moto na kupwita, huo ni mwanzo wa kile wengi hukiita mdudu wa kidole, nacho kinataka zahanati. Kidole kinachokwama kikikunjwa na kufunguka kwa kuruka, au ganzi isiyoondoka mtu akiwa kwenye joto, navyo vipelekwe kwa daktari, kwa kuwa tatizo limeshapita ngozi.

Kazi ya kesho huanzia kwenye kufungua. Anayemaliza kuteleza huwa na haraka. Hufungua fundo, hulegeza mapishano mawili ya juu na kuung'oa mguu. Matundu ya chini hubaki yamebana, theluji iliyoyeyuka huilowesha kamba, na kamba ya pamba iliyolowa huvimba na kukauka ikiwa imekakamaa palepale. Siku inayofuata, kabla ya kukaza, vidole hutumika kwanza kulegeza. Inafaa kamba ilegezwe pishano moja moja mpaka chini, ulimi uvutwe mbele, maji yafutwe kwenye ubapa na kwenye matundu, na buti liachwe wazi mahali penye hewa, mbali na jiko, ncha mbili za kamba zikining'inia nje zipate kukauka zimenyooka.